Mkasi wa Fundi, Udongo wa Mama Vumbi

Ufunguo wa nyumba ya Mama Vumbi ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa na kazi mbili: kufungua mlango, na kupima udongo wa uwanja wa besiboli.

Kila asubuhi mtunza uwanja huyu alipiga goti kwenye ile sehemu ya udongo mwekundu ambako wachezaji hukimbia kutoka kituo hadi kituo, akauchomeka ufunguo ardhini. Ukigoma kuingia, udongo una kiu. Ukitoka na matope, umelewa. Ukipenya kama sindano kwenye kitambaa na kutoka msafi, hapo Mama Vumbi hutabasamu na kwenda kunywa chai.

"Mke wangu," mumewe, fundi cherehani, alizoea kumwambia, "iko siku kitasa chetu kitaota majani."

"Wewe shona. Udongo niachie mwenyewe."

Basi siku ikafika, na ikachagua kuwa siku ya fainali. Jua lilikuwa limeamka na ugomvi. Fundi alishatangulia dukani, na mkewe akafunga mlango nyuma yake. Mama Vumbi, kofia kichwani, akazungusha ufunguo kutoka ndani. Krrr. Akaongeza nguvu. Tak! Nusu ikabaki mkononi, nusu ndani ya kitasa kilichojaa udongo wa mwaka mzima. Madirisha yalikuwa na nondo ambazo hata paka alizipita kwa kuomba radhi. Akampigia fundi wa makufuli, akajibiwa "nakuja sasa hivi," na sote tunaijua sasa hivi ya mafundi.

Asingehangaika hivyo kama si mdogo wake. Msimu uliopita Mama Vumbi aliugua homa, udongo ukakosa maji, ukakauka ukawa sakafu. Mpira uliogonga chini ukaruka ghafla, ukamng'oa mdogo wake jino la mbele. Tangu hapo uwanja mzima humwita Pengo, naye huitika akicheka. Dada yake ndiye hakuwahi kucheka. Na leo Pengo angesimama palepale, kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali mipira inapokuja chinichini kwa kasi.

Duka la mumewe lilitazamana na lango la uwanja. Akapiga simu.

"Mume wangu, nimefungiwa ndani. Funga duka, nenda kamwagilie uwanja."

"Nina koti la bwana harusi mezani!"

"Bwana harusi ana meno yote. Pengo je?"

Fundi akafunga duka.

Baada ya muda akapiga yeye, akihema. "Tayari. Umekuwa mwekundu, unapendeza."

"Hilo ni pambo la juu tu. Chomeka ufunguo."

"Ufunguo upi, huo uliouvunja? Wa kufuli la duka ni mfupi kama kidole cha mtoto."

"Una nini mfukoni?"

Fundi akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Mume wangu. Una nini mfukoni?"

"Mkasi. Lakini usithubutu hata kuwaza!"

Mkasi huo haukuguswa na mtu. Siku mama mkwe wake alipoutumia kufungulia pakiti ya chumvi, kiliitishwa kikao cha ukoo.

"Huu sikatii hata karatasi, mke wangu!" fundi akalalamika.

Wakati huohuo Pengo akapita na begi lake. "Shemeji, umeangusha nini hapo chini?" akauliza, akatabasamu.

Fundi akainua macho, akaliona lile pengo. Akafumba macho, akachomeka mkasi.

"Umegoma!" akapiga kelele kwenye simu.

"Nilijua. Juu kumelowa, chini kukavu. Parua kwa reki, mwagilia tena, kidogo kidogo. Kisha tawanya zile chembe za udongo wa kuchoma zilizo kwenye magunia, zishike unyevu."

Watu hulipa kiingilio waone mpira ukidakwa, na hakuna hata mmoja anayesimama kuupigia udongo makofi. Ni dhuluma, na siku moja tutaikomesha. Siku hiyo, hata hivyo, udongo ulipata mtetezi. Fundi wa makufuli alipotokea mchana na kung'oa kitasa kizima, Mama Vumbi alimwachia jirani nyumba, akatimua mbio. Alimkuta mumewe amepiga magoti, mwekundu hadi kiunoni, akimfokea nahodha:

"Wewe! Usikanyage hapo, hapajaiva!"

Kisha akamwonyesha mkewe mkasi. "Umepenya, umetoka msafi. Tazama!"

Mama Vumbi alitaka kuhakikisha mwenyewe, lakini mwamuzi alishatangaza mchezo uanze, na yeye mkononi alikuwa na nusu tu ya ufunguo. Akasimama kwenye uzio, akaishika ile nusu kwa mikono miwili.

Mpira wa kwanza ukaelekea kwa Pengo, mkali, chini. Ukagonga udongo. Mama Vumbi hakupumua. Ukaruka kwa adabu, ukaingia kwenye glavu kama mgeni aliyekaribishwa. Pengo akautazama udongo, akawatazama waliokuwa kwenye uzio, akacheka kinywa wazi, pengo lote likionekana. Na dada yake, kwa mara ya kwanza, akacheka naye.

"Haya, nipe huo mkasi," akamwambia mumewe. "Kesho asubuhi nina kazi nao."

"Ng'o!" fundi akaurudisha mfukoni. "Kachonge ufunguo. Kesho tunakwenda wote."