Nyumba Moja Niliyoiruka Nambilanje

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa viatu vya mguu mkubwa kuliko wangu, kaptula ya kaki iliyosimama kwa wanga, na rungu. Nilimwambia Sajini Meja kwamba viatu vinanipwaya. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akasema, "Askari hana miguu. Ana amri. Geuka kushoto!" Nikageuka, kiatu kimoja kikabaki kinatazama mbele. Gwaride zima likacheka, nami nikapewa kukimbia kuzunguka uwanja mara kumi. Ndivyo nilivyoingia polisi pale Nachingwea, miaka ya arobaini ilipokuwa inaishia.

Ninyi vijana mnaijua Nachingwea ya korosho na ufuta. Sisi tuliikuta ya matingatinga. Mradi wa karanga ulikuwa unapasua pori usiku na mchana, reli imeletwa, na kambi za vibarua zimejaa Wangoni, Wahehe, Wanyasa na watu wa Msumbiji. Kila mmoja alikuja na lugha yake na hasira yake. Kiswahili changu mwenyewe kilikuwa cha kuokoteza, maana nyumbani kwetu Marambo tulisema Kimwera. Lindo langu la kwanza, yaani eneo ambalo askari hupewa kulizungukia kwa miguu, lilikuwa kambi ya madereva.

Huko ndiko nilikomkamata Sefu. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Chunyu, hana viatu, anauza mihogo ya kukaanga kwenye kapu. Chini ya mihogo palikuwa na misokoto ya bangi. Nikamkokota hadi kituoni, nikamsimamisha mbele ya Sajini Meja. Sajini Meja akaona ni mambo madogo, akamtia makofi mawili, akamfukuza. Misokoto tukaitupa chooni, mihogo tukaila. Ule ndio ushahidi wa kwanza niliowahi kuupoteza, na ulikuwa mtamu.

Karanga zilikataa kuota kama walivyotaka wakubwa. Vibarua wakaanza kurudishwa makwao, mahema yakang'olewa. Lakini Sefu alikuwa amekwisha kujifunza kitu: madereva waliorudi Dar es Salaam walimwagizia. Akawapa watu mbegu wapande ndani kabisa ya mapori, akawa anakusanya, anashindilia bangi katikati ya magunia ya ufuta, na magunia yanashuka kwa lori, kwa treni, kisha kwa meli. Baada ya miaka michache akahamia Kariakoo. Tulisikia ana nyumba tatu, ana vijana wa kumbebea na wengine wa kumpigia watu, na hakuna msokoto uliowashwa mjini bila yeye kujua. Msimu wa ufuta alikuja kwa motokaa yake mwenyewe, shati la hariri, kofia pana. Watu wakamwita Sefu Hariri. Akinikuta njiani, nami nimekwisha kupewa ukoplo, alisimamisha gari na kuniuliza, "Koplo, mihogo ilikuwa na chumvi ya kutosha?"

Msicheke. Mimi sikucheka.

Maana wakati huo nilikuwa nimeona kazi yake. Huko kambini niliwahi kumfunga kamba dereva aliyelewa bangi, aliyetaka kumpitishia tingatinga mwenzake akidhani ni mti. Kijana wa shangazi yangu alikwenda Dar es Salaam kumbebea Sefu mizigo, akarudishwa hajui jina la mama yake. Niliapa kwamba huyu mtu nitamtia pingu mimi, na si mwingine.

Haraka yangu ikaniponza. Nilidokezwa kwamba shehena ya Sefu iko stesheni. Nikaenda na bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho wanunuzi huchoma nacho gunia ili kuvuta mbegu chache bila kulifungua. Nikayachoma magunia yake yote mbele ya watu, ufuta ukamwagika chini, na kila nilipochomoa bambo lilitoka ufuta mweupe mtupu. Sefu alikaa juu ya bonete la gari lake anatafuna kashata. Alikuwa amenitega. Mzigo wenyewe ulipita siku hiyo hiyo kwa njia nyingine. Inspekta, Mzungu mrefu aliyepata kuwa vitani Bama, yaani Burma, aliniita ofisini.

"Wewe iko na kichwa ya mbuzi," akasema. "Mbuzi naona majani, nakwenda. Hapana tazama shimo."

Akanivua utepe wa ukoplo kwa mkono wake na kunihamishia kituo kidogo cha Ruangwa, ambako tulikuwa askari wanne na baiskeli moja.

Huko Ruangwa niliazimia upya. Kwa kuulizauliza nikajua kwamba bangi hukusanywa kwanza kijiji kimoja, Nambilanje, ndipo lori lije. Nikaomba hati ya upekuzi, karatasi inayomruhusu askari kuingia nyumba ya mtu bila ridhaa yake. Nikaingia Nambilanje kwa zamu, leo nyumba hizi, mwezi ujao zile. Nilitoboa vihenge, nikafukua chini ya vitanda, nikateremsha mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moshi. Kwa miaka miwili sikupata hata jani. Wanawake wa Nambilanje wakinisikia nakuja waliweka vyungu vyao nje kabisa, wakisema, "Haya, bwana serikali, anza na mboga."

Nilipekua nyumba zote isipokuwa moja. Ilikuwa ya Bi Somoe, mama mzazi wa mke wangu Esha.

Lazima niwaeleze, maana siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu. Kwetu, mume hakukanyaga nyumba ya mama mkwe. Mkikutana njiani, wewe unaingia porini na yeye anafunika uso kwa nguo hadi mmepishana. Hamsemeshani. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mkeo. Tangu nimwoe Esha sikuwa nimepata kumsikia Bi Somoe akisema, wala yeye kunisikia mimi. Kwa hiyo nilipofika kwenye uchochoro wa nyumba yake na hati yangu mkononi, niliinamisha kichwa nikapita. Haikuwa hata kufikiri. Miguu yenyewe ilikuwa inajua.

Siku moja asubuhi Esha akarudi kutoka kumwona mama yake, akatua kikapu, akasema, "Mama anakushukuru sana kwa blanketi."

"Blanketi gani?"

"Si ulilompa rafiki yako ampelekee? Yule wa magunia ya ufuta."

Nikamuuliza polepole, naye akanieleza alivyoambiwa. Mtu mmoja mwenye shati zuri alifika kwa mama miaka miwili iliyopita, akasema, "Mkweo amenituma. Anaomba tuweke ufuta wetu kwenye kibanda chako cha uani." Mama akakubali. Angemkataliaje mkwewe? Na angemuuliza kwa mdomo gani? Sefu alizaliwa Chunyu, mila yetu aliijua kama nilivyoijua mimi. Alitafuta mahali pamoja katika wilaya nzima ambapo mimi sitatia mguu, akapanga humo bangi yake, na kuilindisha kwa jina langu.

Esha alipoelewa alikaa chini akalia. "Mwambie huyo Sefu atoe vitu vyake, yaishe," akasema. "Ukipeleka kituoni watamfunga mama. Nyumba ni yake."

Alisema kweli. Kwa sheria, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kufungwa pingu. Na mimi sikuwa na shahidi mwingine wa kumfunga Sefu isipokuwa huyo huyo mama. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Kisha nikavaa sare, nikapanda baiskeli hadi Nachingwea kwa Inspekta.

Alinisikiliza, akaniuliza, "Nyumba yote umepekua, hii moja hapana. Kwa nini?"

"Ni ya mama mkwe wangu, Bwana Mkubwa."

Akasema atapeleka askari wengine. Nikakataa. Nilijua wenzangu: wangevunja mlango na kumburuta kizee. Nikasema, "Nitaingia mimi."

Nilifika mchana, wenzangu wakangoja njiani. Nikavua viatu uani, nikalaza rungu chini. Bi Somoe alikuwa anatwanga. Aliponiona aliachia mchi, akajifunika na kugeukia ukuta.

"Mama," nikasema, "ni mimi, mume wa Esha. Naomba radhi. Magunia yaliyomo kibandani si yangu, wala sikumtuma mtu."

Hakunijibu. Alikisemesha kinu. "We kinu," akasema, "mwambie huyo anayesema hapo uani kwamba magunia yaliletwa kwa jina lake. Kama si yake, basi mimi nimelindishwa nini?"

Nikaingia kibandani nikachoma bambo. Likatoka na majani.

Tulibeba magunia kumi na mawili. Kila moja tulilitia lakiri, nta nyekundu ya muhuri, ili lisiguswe hadi mahakamani, maana kielelezo kikifunguliwa njiani kesi imekufa. Bi Somoe tulimchukua pia. Sefu tukamkamata Nachingwea ananunua petroli, na pingu nilizifunga mimi. Hakushtuka. "Mali imetoka kwa mkweo, konstebo," akasema. "Mimi Nambilanje siijui hata njia yake."

Hayo hayo akayasema mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliyesikiliza kesi akiwa na wazee watatu wa baraza wa kumshauri. Wakili wa Sefu kutoka Dar es Salaam alisema bangi ni yangu na ya kizee changu, tumegombana, tunamsingizia tajiri wa watu. Kisha akaomba tusimamishwe wote wawili, uso kwa uso, kizee aulizwe mbele yangu. Naye alikuwa ameambiwa na Sefu: mama huyu hatafungua kinywa mkwewe akiwapo. Akinyamaza, anafungwa yeye na Sefu anakwenda zake.

Bi Somoe alisimama kizimbani amejigubika kaniki. Karani akamuuliza mara ya kwanza. Kimya. Mara ya pili. Kimya. Esha nilimsikia nyuma akivuta kamasi. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani aseme.

Akaishusha kaniki mpaka mabegani. Akanitazama machoni, mimi, mkwewe.

"Huyu ni mume wa mwanangu," akasema. "Sauti yake sikupata kuisikia hadi siku alipokuja kuchukua magunia." Akamgeukia Sefu. "Na huyu ndiye aliyeniletea blanketi. Alijua sitauliza."

Wakili alikuwa anaandika, hakuona kilichotokea. Wazee wa baraza waliona. Mmoja alivua kofia yake. Walijua kwamba hakuna mwanamke wa rika lile ambaye angejivua heshima yake hadharani ili aseme uongo. Wakamwambia Bwana Shauri hivyo hivyo.

Sefu alifungwa miaka saba na kazi ngumu, Bi Somoe akaachiwa huru. Vijana wake wa Kariakoo walizigawana nyumba zake hata kabla hajazoea uji wa gereza. Mimi nilirudishiwa utepe wangu, nikahudumu Lindi, Masasi na Tunduru, na nikastaafu nikiwa Sajini. Vijana wa polisi hunijia wakitaka kusikia nilivyomfunga pingu Sefu Hariri. Nawasimulia, maana nami napenda kusifiwa. Lakini siku ninayoifikiria zaidi ni nyingine.

Baada ya kesi, wazee wa pande mbili walikutana Nambilanje. Nikatoa kuku na kitambaa, wakatuondolea mwiko, kwa kuwa umekwisha vunjika. Tukaketishwa mkeka mmoja. Bi Somoe akasema neno lake la kwanza kwangu lisilopita kwa kinu wala kwa hakimu.

"Miaka miwili ulipekua nyumba za wenzangu ukaiacha yangu. Wakasema mimi ndiye ninayewachongea. Nikienda kuomba moto wananifungia mlango. Nimepekecha vijiti kama mtu wa porini, mikono hii. Mkwe wangu, ulikuwa unaniheshimu mimi, au ulikuwa unajiheshimu wewe?"

Nilikuwa na sare mpya, utepe unang'aa.

"Basi," akasema, "nenda kaniombee moto kwa jirani."

Nikainuka. Nikapiga hodi mlango wa kwanza, mwenyewe akanitazama na kuufunga. Mlango wa pili vivyo hivyo. Mlango wa tatu mama mmoja alinisimamisha hadi jasho likanitoka, ndipo akaniwekea makaa mawili kwenye kigae. Niliuvuka uwanja kijiji kizima kikinitazama, kigae kinaniunguza vidole, na sikukiweka chini.