Mayai Yaliyozikwa Mpakani

Nakumbuka asubuhi moja ya kulima maharage, mwanangu, bondeni kwetu Musienene. Shamba letu lilipakana na la Mama Kavugho, mjane, na chini yetu sote kilipita kijito cha mawe na maji baridi. Mdogo wangu alikuwa na homa, hanyonyi. Nyumbani sote tulikuwa na hofu.

Jembe langu likafukua udongo wa ukingoni, penye mpaka. Nikaona vitu vyeupe, vya mviringo, laini, vimezikwa pamoja. Shangazi yangu akatupa jembe lake.

"Hii ni dawa ya kuloga! Ule mujane ametuzikia! Leo atahama huu mulima, ao tutamuchoma!"

Usicheke, mwanangu. Neno kama hilo liliweza kumuua mtu. Lakini tangu utotoni nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikachukua kimoja, nikakiinua kwenye jua.

"Acha, Masika! Utakufa!" shangazi akanizuia.

"Tantine, kuja uone. Iko na macho."

Kweli, ndani mlikuwa na macho mawili meusi na mkia uliojikunja. Nikavitia vyote kwenye kopo, nikavimwagia maji ya kijito. Tukachuchumaa, tukangoja. Utando ukapasuka, viluwiluwi wakaanza kuogelea!

Mama Kavugho akasikia kelele zetu za kushangaa, akaja. Akachungulia kopo, akacheka.

"Ni batoto ya ule chura wa mu miti, mwenye kuimba magaribi. Yeye hapana kutaga mu maji. Anazika mayai mu udongo, mvua inabeba batoto mpaka mu kijito. Lakini mutoto yenu ameamukaje? Mumupeleke kwa munganga wa ku hospitali, mimi nitabakia ku shamba yenu."

Shangazi alishindwa kumtazama usoni. Tukampeleka mtoto, ilikuwa malaria, akapona. Tuliporudi, mistari yetu ilikuwa imeshalimwa. Mjane yule hakujua kamwe tulichotaka kumfanyia. Na chura yule, nani alimfundisha kuuamini udongo hivyo? Mpaka leo najiuliza.

Sasa mwanangu, ule ujumbe ulioingia kwenye telefone yako jana, unaomwita yule mama muuza ndizi mchawi, usiutume kwa mtu. Nenda kwanza sokoni kwake, umsalimu, uone kwa macho yako. Mungu akupe moyo wa kuuliza, akulindie wanao, na siku mmoja wao akiugua, akupe jirani wa kuja kuuliza ameamkaje.