Bahar Isiyo na I

Hili niliona kwa macho yangu, jua likiwa bado halijagusa mlima. Sikuwa na homa wala sikuwa nimelala. Ukitaka kunicheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Mume wangu alitutangulia Juba. Mimi nilibaki Mombasa na watoto, Keji na mdogo wake Wani, nikifua nguo za watu. Yeye alikuwa mzaliwa wa Juba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota tu. Kwenye simu aliwaambia watoto, "Kuja huku. Mlima iko, bahar iko. Mimi taonyesha nyinyi."

Kwa Kiarabu cha Juba, bahar ni mto. Hata mto wetu wenyewe unaitwa Bahr al-Jebel, mto wa mlima. Lakini watoto waliokulia Mombasa wangejuaje? Wao walisikia bahari.

"Baba, sema bahari," Keji alimwambia. "Ina i mwishoni."

"Bahar."

"I, baba."

"Hiyo i, nyinyi takuja nayo," akasema, tukacheka wote.

Tukaja. Kabla hajapata nafasi ya kutupeleka mtoni, vita vikaanza. Asubuhi moja alitoka kwenda kuangalia kibanda chake soko la Custom, na hakurudi. Hakuna aliyeniletea mwili, wala hata kiatu. Nililia bila kaburi. Wenye pasi za nchi nyingine walichukuliwa na ndege, barabara zikafungwa, sisi tusio nazo tukabaki ndani ya chumba kimoja mtaa wa Hai Jalaba, mlango umekomewa mchana kutwa. Wani aliuliza kila alipoamka, "Bahari lini?"

Kisha magari ya kuuza maji yakaacha kuja. Alasiri moja mji ulinyamaza, nikachukua jerikani, nikambeba Wani mgongoni, nikamshika Keji mkono, tukateremka mpaka Juba Na Bari, ukingoni mwa mto. Ningewaacha na nani? "Leo tunaenda kuona bahar ya baba," niliwaambia.

Keji aliyatazama yale maji ya kahawia yakipita na majani yake. Akachovya kidole, akakilamba.

"Mama, hii haina chumvi. Baba alitudanganya."

"Hakudanganya. Ni wewe uliyeongeza i."

Nilikuwa nimemaliza kujaza jerikani risasi zilipoanza, juu barabarani, karibu kabisa. Tulijibanza chini ya ukingo, ndani ya matete. Juu yetu watu walikimbia wakiitana. Mbele ni maji, kushoto na kulia ni tope la kuzama. Umewahi kufungiwa mahali pasipo na ukuta? Nilimziba Wani mdomo kwa kiganja, nikahisi meno yake yakigongana.

Ndipo akanyoosha mkono kuelekea mtoni.

Baba yao alikuwa amesimama majini, na shati lile la manjano alilotoka nalo. Maji yalimfika magotini. Niamini, pale kina chake kinaweza kumeza lori. Na shati lilikuwa kavu.

"Keji. Wani. Njooni, wanangu," alisema. Sauti ilikuwa yake, hata kikohozi chake kidogo cha kabla ya maneno. "Bahari ndiyo hii. Huku hakuna risasi."

Sitaficha. Nilisimama nikaingia. Nyuma yangu ni kifo, mbele yangu ni mume wangu. Wewe ungefanya nini? Maji yalikuwa yamefika kwenye mapaja, Wani kifuani pangu, Keji aliponivuta kanga.

"Mama. Amesema bahari."

"Ndiyo, mwanangu. Twende."

"Amesema na i."

Miguu yangu ikakataa. Nikamwuliza kwa Kiarabu cha Juba, lugha aliyoinyonya kwa mama yake, "Ita munu?" Wewe ni nani?

Alitabasamu tu, akasema tena, kwa Kiswahili safi kama cha mtu wa Mombasa, "Njooni, wanangu. Bahari ndiyo hii." Nikaelewa kwamba neno lile hakulitoa kinywani mwa mume wangu. Alilitoa vinywani mwa watoto wangu.

Niliwarudisha ndani ya matete, nikawalalia, nikawaziba masikio. Nikaanza kusali Baba Yetu, na kwa mara ya kwanza maneno hayo mawili yakanitisha. Aliendelea kuita, kwa upole, bila kuchoka, mpaka risasi ziliponyamaza. Nilipoinua kichwa, majani yalikuwa yakielea pale aliposimama.

Nyumbani, jirani yangu Mama Poni alikinga maji ya chai kutoka kwenye jerikani ile. Akaonja, akatema.

"Mama Keji, haya umeteka wapi? Ni chumvi tupu."

Tuliyamwaga nje ya mlango. Yalipokauka, udongo ulibaki mweupe.

Bado tuko Juba. Wani amekuwa kijana, na anaongea kama baba yake: mimi iko, bahar iko. Dada yake humsahihisha. Mimi sijamsahihisha hata siku moja. Usiku mwingine nalala nikijua kwamba kile kitu kingesema "bahar" tu, ningeingia na watoto wote wawili, tena nikishukuru.

Wewe uliyepoteza mtu vitani, akikuita, usiamini sauti, usiamini shati. Subiri usikie kosa lake, lile ulilokuwa ukimcheka. Asipokosea, usimfuate.