Kisanduku Chenye Alama ya Kuuliza

Wewe unayesoma hapa, nakuchukua kama yule rafiki ambaye mtu anamfungulia mlango hata kama nyumba haijafagiwa. Kaa tu. Nataka kukuambia vile nilijifunza kompyuta nikiwa mama wa miaka arobaini na kitu, kwa nini nilijifunza, na jambo moja ambalo mpaka leo sijalijua.

Mtoto wangu wa tatu, msichana, alikuwa kiziwi. Alizaliwa akisikia, halafu homa ikamchukua masikio kabla hajafika miaka miwili. Alikufa akiwa na miaka kumi na saba, likizo ya Agosti. Malaria ilimpanda kwa kichwa, siku nne tu, basi. Tulimzika upande wa Misikhu, kwa boma la kukhu wake, yaani nyanya yake mzaa baba, kwa sababu ni huko alilelewa miaka ya kwanza wakati mimi nilikuwa Kitale natafuta riziki.

Kabla hujaniuliza: mimi mama yake sikujua lugha ya ishara. Shuleni kwake walikuwa wanaita wazazi, Jumamosi moja kila mwezi, tufundishwe. Sikuenda hata mara moja. Jumamosi nilikuwa na sare za watu za kushona, lakini hiyo si sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nafunga na kuomba Mungu amfungue masikio, na niliona nikijifunza kuongea na mikono ni kama nimemwambia Mungu asijisumbue tena. Hakuna mchungaji aliniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe. Kwa nyumba tulikuwa na ishara kidogo tu: kula, kuja, kulala, wacha. "Wacha" ndiyo nilitumia sana.

Miezi saba baada ya mazishi, mwalimu wake akaniletea barua. Kulikuwa na mradi Bungoma, wana ofisi kwa chumba cha kukodi pale Kanduyi. Walikuwa wanarekodi vijana viziwi wakiongea, ndiyo lugha yao iandikwe. Mtoto wangu alikuwa amerekodiwa muhula wa kwanza. Karatasi ya ruhusa niliweka sahihi mimi, bila kuisoma vizuri. Sasa walikuwa wamesikia amekufa, na wakauliza: tuifute hiyo video ama tuihifadhi?

Sikujibu barua. Nilienda.

Ofisini nilipata mwanamke kiziwi wa miaka kama thelathini na tano, amefunga kitambaa cha kichwa, meza yake imejaa kanda. Akasukuma daftari mbele yangu. Aliandika: "Karibu Mama. Pole sana. Unataka kuona?"

Mimi kuandika nilijifunza kwa gumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, nikiwa tayari na watoto wanne. Naandika polepole. Nikaandika: "Nataka."

Ilikuwa dakika kumi na moja. Mtoto wangu na shati ya shule, nyuma yake ukuta wa kijani, na mikono inaenda mbio vile sijawahi kuona. Nyumbani mikono yake ilikuwa inaenda polepole, kama mtu anayeongea na mgeni. Mgeni alikuwa mimi. Nilitazama mpaka mwisho na sikushika hata neno moja.

"Anasema nini?"

"Mambo ya nyumbani. Nikikuambia kwa ufupi nitakudanganya."

"Basi usifupishe."

Akakuna kichwa na kalamu. "Video ni nyingi, mimi ni mmoja, na mradi unafungwa Desemba. Hii ya mtoto wako haijaandikwa. Unajua kompyuta?"

"Najua cherehani."

Alicheka kwa sauti kubwa, ile sauti ya mtu ambaye hajisikii. Akaandika: "Ni karibu. Hapa mguu tu ndio hauna kazi."

Alinionyesha. Juu kwa kioo kuna video. Chini kuna mistari kama ya daftari, lakini inalala pamoja na saa, inatembea vile video inatembea. Mstari mmoja ni wa mkono wa kulia, wa pili ni wa mkono wa kushoto, wa tatu ni wa uso, wa nne ni wa maana. Unasimamisha video mahali mkono unaanza kuinuka, unavuta mpaka mahali unashuka, na hapo kunatokea kisanduku. Ndani ya kisanduku unaandika. Tulikubaliana hivi: mimi nitaenda na programu na video kwa CD, nikate visanduku Kitale, maana kuona mkono ukiinuka na kushuka hakuhitaji kujua lugha. Kila wiki mbili nitarudi Kanduyi, yeye anipe maneno, mimi niandike.

Kwa veranda yetu ya mafundi pale Kitale, karibu na msikiti, kulikuwa na mzee Mwislamu mwenye bureau ya kuchapa barua. Alikuwa na kompyuta moja ya kichogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Nilimpelekea CD.

"Mama fundi, umeleta filamu?"

"Ni mtoto wangu."

Akapangusa kioo na mkono wa kanzu. Programu iliingia siku hiyo hiyo, lakini video ikatoa weusi mtupu. Akasema mashine inakosa kitu cha kufungua video za aina hiyo. Aliuzunguka mji mzima siku tatu mpaka akakipata kwa rafiki yake. Ikafunguka. Halafu akahamisha video kutoka kwa CD ikae ndani ya mashine, na tulipofungua tena programu ikagoma.

"Inauliza video iko wapi," akasema.

"Si ni wewe umeihamisha?"

"Nimeihamisha, lakini yenyewe haijui. Maneno yanakaa kivyake na video kivyake, mama. Lazima uionyeshe kila ukiihamisha. Usije ukabeba maneno peke yake ukidhani umembeba mtoto."

Video ilipoanza akasema, "Haina sauti hii, iko mbovu," akazungusha kifundo cha spika. Sauti ikatoka. Kiti kikilia. Jogoo mbali. Na ile sauti yake yeye, ile ya puani, ya chini, iliyokuwa inamtoka akichangamka. Ndiyo hiyo nilikuwa namfinya paja kanisani aiwache, watu wasigeuke. Mzee akainuka, akasema anaenda kuswali. Haikuwa saa ya swala.

Kwa wiki nyingi, nikimaliza kushona saa kumi, nilikaa kwa hiyo mashine mpaka magharibi. Nilikata visanduku mia tatu na zaidi. Mara ya kwanza niliporudi Kanduyi yule dada wa ofisini alitazama mkono wangu akaandika, "Mama, kipanya si pasi. Usikandamize." Halafu akatazama mstari wa uso na kuona nimeuwacha mtupu.

"Kwa nini huna uso?"

"Uso si maneno."

"Uso ni nusu ya maneno. Nyusi zikipanda, anauliza. Mdomo ukikaza, anakataa. Ukiacha uso umemnyamazisha."

Rafiki yangu, huyo mtoto nilimwambia miaka kumi na tano asikunje uso.

Maneno yakaanza kuingia. Mtoto wangu alisema kuhusu Jumapili moja alipowekwa mbele kanisani, akapakwa mafuta masikio, wanaume wawili wakambonyeza, na vile masikio yalimuuma siku mbili na hakusema kwa sababu mama alikuwa na furaha. Niliandika hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, kisanduku kwa kisanduku. Alisema kuhusu cherehani: "Mama anashona. Mimi naweka mkono kwa meza. Meza inatetemeka. Najua ako." Hapo niliomba dada anionyeshe choo, nikakaa huko.

Halafu tukafika dakika ya kumi. Anasema: "Mama ananikasirikia. Ananikasirikia sana. Lakini mama akifanya..." na hapo anafanya ishara, kisha: "...najua imeisha. Najua ananipenda." Hiyo ishara anairudia mara tatu, na mara ya tatu anacheka.

Mkono wa kulia unagusa bega la kushoto mara mbili. Halafu unashuka kifuani pole pole, vidole vyote vimefungwa, kidole kidogo tu kiko nje. Kichwa kinalala kidogo upande.

Dada aliicheza kawaida, akaicheza polepole, akairudia tena. Akatikisa kichwa.

"Hii si ya shule. Hii si ya lugha yetu. Ni ya nyumbani. Mama, hii ni wewe unajua."

"Sijui."

"Fikiria. Anasema mama akifanya. Ni kitu wewe ulikuwa unafanya."

Nilifikiria mpaka kichwa kikauma. Kupima nguo? Kupima ni bega mpaka bega, haishuki kifuani. Kubeba mtoto? Mtoto anabebwa na mikono miwili. Kujifunga leso? Nilisimama katikati ya ofisi nikafanya ile ishara mara nyingi, dada ananitazama, na mwili wangu haukukumbuka chochote. Akaandika, "Kwa kazi yetu, ukikosa kujua, weka alama ya kuuliza. Hatubahatishi. Afadhali pabaki wazi." Nikaweka alama ya kuuliza mara tatu.

Jumatatu nikaenda Misikhu. Kukhu alikuwa anapepeta maharagwe. Mimi na yeye hatujawahi kupikika kwa chungu kimoja, lakini mtoto huyo alikuwa wake pia.

"Umekuja kufanya nini siku ya kazi?"

Nikamwonyesha ishara. Akaweka ungo chini. "Fanya tena." Nikafanya. "Tena."

"Unaijua, kukhu?"

"Zetu nazijua zote." Akaanza kuzitoa, mzee wa miaka karibu themanini, mikono imejikunja na bado inaruka: kuku, mvua, yule jirani mwizi, chai haina sukari, nataka kucheka lakini niko kanisani. Nilihesabu mpaka nikaacha. Hii yote walikuwa nayo wawili.

"Lakini hiyo si yangu," akasema. "Hiyo ni yenu ya Kitale."

"Ningekuwa naijua si ningekuja kwako?"

"Wewe ungeonea wapi? Mtoto anaongea na mikono, na wewe kila saa umefunga macho unaomba. Aongee na kope zako?"

Nilitaka kujibu vibaya. Nilishika maharagwe nikaanza kutoa mawe. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Hakuwa anakuchukia, wacha kulia kwa maharagwe yangu. Akija huku kila kitu kilikuwa mama, mama, mama. Mpaka nikamwambia, bana, na mimi je?"

Niliuliza watoto wangu wengine. Niliuliza baba yao, akasema yeye alikuwa anaona mikono tu. Mwenzangu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani, mtu mwema, aliniambia, "Si uandike 'ananibariki'? Mungu anajua. Nani atakuuliza?" Na nitakuambia ukweli: niliandika. Siku moja kule bureau nilifungua kile kisanduku, nikafuta alama, nikaandika hilo neno. Lilikaa vizuri sana. Nikasoma sentensi yote mara mbili, tamu kabisa. Mzee akapita nyuma yangu akasoma na yeye.

"Umepata?"

"Hapana."

Nikalifuta. Maisha yake yote nilimwekea maneno mdomoni, nikisema anataka hiki, anaomba kile, na kumbe alikuwa na yake. Sikuweza kumwekea tena akiwa kaburini.

Desemba tulimaliza. Visanduku vyote vilikuwa na neno isipokuwa hivyo vitatu. Yule dada alisoma yote kutoka juu mpaka chini, akaniwekea kwa CD mbili, moja ya video na moja ya maneno, akazifunga pamoja kwa mpira. Aliandika: "Umefanya kazi safi, Mama. Ziko video za watu wamesoma chuo na si safi hivi." Halafu akaongeza: "Pole kwa tatu."

Namshukuru Mungu kwa visanduku vile mia tatu. Namshukuru kila asubuhi, na siku hizi naomba macho yangu yakiwa wazi. Lakini sitakudanganya ati moyo umepona. Kuna kitu nilikuwa nafanya na mwili wangu, labda kila siku, kilichomwambia mtoto wangu kwamba nampenda. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa changu, na sikijui. Labda nilikiacha siku moja bila kujua, na yeye akangoja. Labda bado nakifanya hata sasa nikishona, na aliyekuwa anakisoma hayuko.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja. Hii habari usiiweke. Mpe mtu mwingine, na huyo ampe mwingine, hasa kama unajua kijana yeyote kiziwi aliyesoma upande wa Bungoma ama Kitale miaka hiyo, aliyekuwa analala bweni moja na msichana mrefu, mtoto wa mama fundi wa kushona. Wanafunzi huambiana mambo ya nyumbani. Pengine alimweleza mmoja. Lakini usimsomee tu. Simama mbele yake, hakikisha anakuona, umwonyeshe: mkono wa kulia, bega la kushoto mara mbili, kisha shuka pole pole na kidole kidogo nje. Kichwa kilale kidogo. Halafu inua nyusi, ajue unauliza, na ungoje.