Siku Meno ya Winchi Yalipoelea Utende

Kuna watu wazima Utende ambao hadi leo wakiniona njiani hujifunika midomo kwa kiganja, na msidhani wanapiga miayo. Wananicheka. Aibu ile nimeivaa kama kofia, na heri niisimulie mwenyewe kuliko kumwachia shangazi yangu Mwanahawa, ambaye kila akiisimulia huongeza lake (safari iliyopita alisema nililia, sikulia, yalikuwa maji ya chumvi).

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niliporudi kutoka shule ya serikali bara, nimesoma mpaka madarasa ya juu, na Kidachi, lugha ya Wajerumani, cha kuombea maji ya kunywa ninacho, watu walitarajia niwe karani, nipande meli, nikavae viatu Dar es Salaam. Mimi nilichotarajia ni baraza ya mama, mkeka, kahawa na mtu wa kubishana naye. Hivyo vyote nilivipata, nikatulia. Shida ikawa Sheikh Nasoro. Huyu alikuwa na mashamba ya minazi, babu yake alitoka Manga, Uarabuni, na ndiye baba wa Zainabu, na Zainabu nilikuwa nimemposa. Posa aliipokea, ila alisema mbele ya wazee, taratibu, huku akipangusa ndevu: "Binti yangu simwozi baraza. Kijana akipata kazi, aje."

Basi kazi ikanifuata nyumbani, wallahi. Pwani yetu maji yakitoka mashua hukaa matopeni, na mbata za Sheikh Nasoro zilibebwa vichwani na watu waliozama mpaka mapajani. Alikwenda Chole kwa Liwali kulalamika, akarudi, akaenda tena, hata Liwali akachoka, serikali ikachoka, akaletwa Mdachi mmoja na winchi ya moshi aje atuchimbie njia ya mashua. Tukamwita Bwana Winchi. Winchi yenyewe tuliizoea upesi. Kilichotushangaza ni ndoo yake: ndoo ya chuma, kubwa kiasi cha mtu mzima kujikunyata ndani (nilijaribu), na kila kiungo chake kinafunguka. Mdomo unafunguka, mashavu yanafunguka, na mbele ya mdomo yamepangwa meno marefu kama mkono wa mtu toka kiwiko, kila jino limekazwa kwa nati. Jino likivunjika au likilika, unalitoa, unatia jingine, na ndoo ni ileile. Meno ya akiba yalikuja sandukuni, yanafanana kama mapacha. Bwana Winchi alitaka mtu aliyesoma wa kuyatunza, kuyapaka mafuta na kuyabadilisha, na kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyo karibu na pwani, sanduku likawekwa ukumbini kwetu. Kazi ya serikali, naifanyia kwenye mkeka wa mama yangu. Sheikh Nasoro akataja mwezi wa harusi.

Sasa, kwetu zama zile bwana harusi hupeleka nazi kwa wakwe kabla ya karamu, nazi zilizokwisha kufuliwa, tena azifue kwa mkono wake mwenyewe, ili wakwe wajue mikono anayo. Na nazi hufuliwa kwenye kifuo, kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha na kusimamishwa ardhini: unaipiga nazi juu yake, unaipindua, makumbi yanang'oka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kifuo chetu kilikuwa butu tangu babu yangu, na mimi nilikuwa butu kuliko kifuo. Nilifua asubuhi moja, nikajichubua viganja, nikatazama lundo la nazi, likanitazama. Winchi ilikuwa imelala, bomba lake lilipasuka na Bwana Winchi amekwenda Dar es Salaam kutafuta jingine. Nikageuza macho nikaliona sanduku.

Jino moja tu, nikasema. La akiba, halina kazi.

Nikalikaza kwenye gogo, ncha juu, nikapiga nazi ya kwanza. Jamani, makumbi yalitoka kama kanzu ya mtoto anayekwenda kuogeshwa. Nikapiga ya pili, ya tatu, nikaanza kuimba, na hilo ndilo lililomleta shangazi, maana haijapata kusikika mimi nikifanya kazi huku naimba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbaraka, hicho nini?"

"Kifuo."

"Kifuo gani kinang'aa?"

"Cha serikali."

"Kumbe serikali nayo inakula wali wa nazi." Akanisukuma kwa nyonga, akajaribu mwenyewe, akapiga na ya pili, kisha akasema: "Na mimi nina nazi za karamu yako hiyohiyo. Nipe moja, nitalirudisha jioni."

Ningemkatalia vipi? Ni dada wa baba, na karamu ni yangu. Nikampa. Naye, kama ilivyo ada ya kuazimana, kwamba ukichukua cha mwenzio unaacha chako, akaniletea kifuo chake cha mti kikae kwetu. Jioni ile ilichelewa kufika. Walifika kwanza majirani, kila mmoja na kifuo chake cha mti mkononi na maneno yaleyale mdomoni: karamu ni yako, baba, hizi nazi ni za kwako. Sanduku likaisha, nyuma ya nyumba yetu kukawa na lundo la vifuo vya mti kama kuni za msiba. Utende nzima ikawa inafua nazi kwa vifijo, na mimi nikipita wananipigia vigelegele, nami (nisiwadanganye) nilipenda.

Mwisho akaja somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, mwanamke mwenye sauti ya asali. "Bi Shufaa anakusalimu," akasema. Bi Shufaa ndiye mama yake Zainabu. "Amesikia watu wote wanafulia chuma, ila nyumba anayotoka bi harusi wanafulia mti. Hakusema zaidi."

Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Sanduku lilikuwa tupu, lakini ndoo yenyewe ilikuwa pwani na meno yake yote mdomoni. Nikachukua spana, nikafungua jino moja la pembeni, nikampa somo, naye akaniachia kifuo cha Bi Shufaa. Nikarudi nyuma kutazama: pengo. Halikupendeza, ndoo imekaa upande. Nikafungua la pembe ya pili ili zilingane. Na jino likishakuwa mkononi mwako, mtu atapita na atakuomba. Siku chache baadaye ndoo ya serikali ilikuwa kibogoyo kama bibi yangu, nami nikaifunika kwa makuti, nikajiambia meli haiji mpaka mwezi mwandamo.

Meli ikaja kabla. Nilikuwa barazani na kahawa yangu nikasikia honi upande wa Chole, na punde akaja mtu anakimbia: Bwana Winchi amerudi na bomba, amefuatana na Liwali, wamekaribishwa chakula kwa Sheikh Nasoro, na adhuhuri, maji yakijaa, watu wote waje pwani kuitazama winchi ikichimba.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza kwenda nyumba kwa nyumba kudai meno, lakini wengine walikuwa mashambani ndani kabisa, na nyumba moja ilikuwa ileile ambamo Liwali amekaa anakula. Ya pili niliiona nilipotazama nyuma ya nyumba. Vifuo vya mti. Urefu uleule, ncha ileile. Na si ndoo ya kubadilishwa viungo hii? Bwana Winchi alinifundisha mwenyewe: likitoka moja, unatia jingine. Nikashika panga nikavichonga matako, nikavitoboa kwa keekee, nikavipaka masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, nikavikaza kwa nati. Niliporudi nyuma kutazama nilijisifu, niseme kweli. Ndoo ilikuwa haijapata kuwa na meno mazuri namna ile.

Watu walijaa mpaka juu ya magogo. Sheikh Nasoro alivaa joho, akanishika bega mbele ya Liwali.

"Huyu ndiye mkwe wangu, Bwana Liwali. Mlinzi wa meno."

"Mashaallah," Liwali akasema, mzee mnene mwenye macho ya usingizi. "Yanang'aa."

"Nimeyapaka mafuta leo hii, Bwana Liwali." (Hilo halikuwa uongo.)

"Mali ya serikali inataka mtu mwaminifu," Sheikh Nasoro akaendelea, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake. "Mimi mtu akichezea hata nati moja, na achapwe kiboko hapahapa, hata akiwa wa nyumbani kwangu."

Nikajitia kukagua nati.

Moshi ukatoka, mnyororo ukalia, ndoo ikashuka ikazama. Huko chini tukasikia kishindo cha mawe, mnyororo ukakaza, na ndoo ikapanda na donge dogo la matope na mdomo mtupu. Bwana Winchi akaisogelea, akainama. Na akiwa bado ameinama, majini nyuma yake kikaibuka kitu cheusi, kikasimama wima, kikalala, kikaanza kuelea. Kisha kingine. Kisha vyote, vinacheza juu ya maji kama bata, na mafuta ya nazi yamefanya rangi za upinde kuvizunguka.

Liwali akatazama muda mrefu. "Bwana Winchi," akasema, "chuma cha kwenu huelea?"

"Hapana."

"Hiki kinaelea."

Wimbi likaleta kimoja mpaka miguuni mwa Sheikh Nasoro. Masizi yalikuwa yameoshwa. Akakiinua, akakigeuza, na pale kwenye shina akaona alama ya mwezi mchanga aliyoichonga yeye mwenyewe mwaka aliooa. Akainua macho kwa Bi Shufaa. Bi Shufaa alikuwa anatazama mawingu kama mtu aliyeanika mbata.

Bwana Winchi alinijia uso umekuwa mwekundu. "Meno wapi?"

"Yameazimwa, bwana."

"Nani?"

Nikatazama watu. Hakuna aliyenitazama, hata shangazi alikuwa ghafla na kazi kubwa ya kufunga kanga yake. Majina yote nilikuwa nayo, na la kwanza mdomoni lilikuwa la nyumba ya Zainabu. Nikaona kama harusi ni ya kufa, basi isife kwa mdomo wangu. "Nimeyatoa mimi," nikasema. "Hakuna mwingine wa kuulizwa."

Akamwita askari wa Liwali, naye askari akaja na kiboko chake, nami nikaanza kufungua kizibao changu polepole sana, maana hata kwa kupigwa mimi si mtu wa haraka. Sheikh Nasoro alikuwa amesimama na kile kijiti, anakificha kidogo kidogo ndani ya joho.

Liwali akainua mkono. "Ngoja. Sheikh, nimekusikia, umesema achapwe hata wa nyumbani kwako."

"Nilisema, Bwana Liwali."

"Hicho ulichoshika nini?"

"Kijiti tu."

"Cha nani?"

Sheikh Nasoro akapangusa ndevu mara nyingi kuliko zilivyohitaji. Mwisho akasema chini: "Cha nyumbani kwangu."

"Sikusikia."

"Ni kifuo cha mke wangu, Bwana Liwali. Inaelekea tumeazimana."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikawapata wanaume, kikampata Liwali hata tumbo likamtikisika. "Basi nikimchapa huyu," akasema, "itabidi niendelee na kila aliyenilisha leo, na mchuzi ule ulikuwa mzuri sana. Bwana Winchi, ukipata meno yako yote, umesamehe?"

Bwana Winchi akasema yote. Yote, kabla maji hayajatoka.

"Wanawake, twendeni," shangazi akasema, na fundo la kanga likafungika lenyewe.

Wakarudi kwa msafara, meno yakiwa vichwani juu ya kata kama mitungi, Bi Shufaa mbele, mabega juu kana kwamba analeta mahari, na shangazi nyuma ameshaanzisha wimbo wake mwenyewe: kibogoyo kaenda posa, katafuna maji ya bahari. Wakaitikia wote. Meno mengine yalikuwa bado na nyuzi za makumbi. Nikayakaza moja moja, magoti matopeni, watu wananiimbia, na jino la nyumba hii likaingia mahali pa jino la nyumba ile bila neno. Ndoo ikashuka, ikapanda imejaa mawe na matope, na pwani nzima ikapiga kelele kana kwamba tumetafuna sisi sote.

Hukumu ya Liwali ilikuwa nifue nazi nyingine za harusi, zote, uani kwa Sheikh Nasoro, hadharani, kwenye kifuo chenye alama ya mwezi. Nilizifua. Viganja viliiva, Sheikh alikaa kwenye kiti akinihesabia makosa, na baada ya kitambo akasogeza kiti, akanishikia nazi nionekane mvivu kidogo tu. Hukumu ya Bwana Winchi ndiyo iliyoniumiza: alilihamisha sanduku kambini kwake, nami nikawa natembea kwenda kazini kila asubuhi kama watu wengine.

Tangu hapo, chombo chenye viungo vya kufunguka hakilali kwangu, hata kiwe kinu cha kahawa. Na nikianza kujisifu mbele ya wageni, kwamba nimesoma, kwamba serikali iliwahi kuniamini, Zainabu habishani nami. Huinua kidole tu, akagonga ukucha kwenye jino lake la mbele, taratibu, ko, ko, nami nakumbuka kwamba kahawa imepoa.