Kengele ya Pikipiki

Shule niliishia darasa la pili. Pikipiki niliinunua kwa kuku: nilikuwa nawakusanya vijijini, nawatia kwenye matenga, nawapeleka stesheni Manyoni. Hakuna aliyenishika mkono.

Nilipoipata tu, nilimwambia fundi wa Utemini akate bomba la moshi. Kijiji chetu cha ujamaa kilipangwa kwa mstari kando ya barabara, na mlio ule uliamsha nyumba zote. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Baba alimfunga kengele ng'ombe kiongozi, na kundi halikupotea hata porini. Basi nikasema, chombo kinacholia hakigongwi.

Mke wangu hakukubali. Mama yake, huko Kilimatinde, alikuwa ametuma neno: macho yanafifia, mleteni mjukuu nimwone kabla hayajafunga. Basi la kwenda huko halikuwa la kutegemea, tukabaki na pikipiki.

"Lori likiwa mbele yetu, dereva atajuaje tupo?" aliniuliza.

"Atasikia. Hata kiziwi anasikia hii."

"Mwanangu simpandishi kwa kelele."

Siku ile ile ya ubishi kaka yake, dereva wa lori la alizeti, alipita kutusalimu. Akacheka. "Shemeji, unavyonguruma hivyo, watu wanadhani umenunua treni."

"Wewe unayeendesha mali ya watu utajua nini?"

"Haya, panda huku kwangu. Mwenzio atufuate na pikipiki yako. Ukimsikia, sema."

Pikipiki nikampa jirani, niliyemfundisha kuendesha mwenyewe. Nikapanda, nikatega masikio. Injini ilikuwa inaunguruma pale miguuni petu, mabati yanagongana, madebe nyuma yanalia. Kwenye kioo naona vumbi tu.

"Mbona haji?" nikauliza.

"Nani haji? Yuko nyuma yetu tangu kisimani."

Nikadhani ananitania. Mara jirani akatokea ubavuni, mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga unga, na hapo ndipo nikaisikia pikipiki yangu, ndogo kama nyuki kwenye chupa.

"Hapo ndipo na mimi husikia," shemeji akasema. "Ningekuwa nakwepa shimo, ningeshamlalia."

Kengele ya ng'ombe inasikiwa na mchungaji kwa sababu anamtafuta ng'ombe wake. Dereva wa lori hanitafuti.

Fundi akarudisha bomba. Nikavaa shati jeupe, nionekane hata vumbini. Tukikuta vumbi la lori, nilisimama pembeni mpaka litue, na lori sikulipita mpaka nimeona uso wa dereva kwenye kioo chake naye ameniona. Mke wangu akapanda, mtoto mgongoni.

Kosa likawa Kilimatinde. Kwetu mkwe hamshtukizi mama mkwe. Zamani, nikija peke yangu, nilikuwa nikisikika tangu mteremkoni, naye anaingia ndani kwa heshima yake. Safari hii tulimkuta uani, kichwa wazi, anapepeta mtama. Alitupa ungo akakimbilia ndani.

"Leo umekuja kama mwizi!" akapiga kelele mle ndani. "Lile dude lako limekufa?"

"Limepona, mama," mke wangu akajibu, anacheka hadi machozi.

Nikageuka, nikawapa mgongo kama inavyotakiwa. Nikasikia mlango unafunguliwa kidogo. "Mlete hapa kwenye mwanga. Karibu zaidi. Karibu." Kisha mtoto akaguna.

"Pua ya kwetu hii," akasema. "Masikio tu ndiyo ya baba yake, maskini."