Vigingi vya Kinamasi

Kabla hamjasikia kwa wengine, acheni niseme mwenyewe yaliyonipata wiki iliyopita huku Hanang.

Mimi ndiye bwana ardhi niliyepigania kinamasi cha Endasak kisilimwe. Shamba la ngano la serikali lilikuwa linapanuliwa, na wakubwa walitaka kila kipande. Nilibishana nao mpaka wakakubali kinamasi kibaki, ng'ombe wa wanakijiji wapate maji. Nikakizungushia vigingi, nikajiona shujaa.

Dereva wa trekta alipofika nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Lima ndani ya vigingi. Usivivuke."

Kesho yake asubuhi wafugaji walinifuata ofisini, fimbo mikononi, wakanitaka twende kinamasini. Tulipofika, matete mengi yalikuwa yamefukiwa, maji yamegeuka tope, na ng'ombe wamesimama hawana pa kunywa. Nikaanza kufoka. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole, aliniomba nitulie, lakini sikumsikia. Nikamsimamisha dereva mbele ya wote.

"Nani amekutuma uharibu maji ya watu? Leo utamtaja."

Dereva akazima injini, akashuka, akavua kofia. Kwanza alimwamkia mwenyekiti, "Shikamoo, mzee." Kisha akanigeukia.

"Ni wewe, bwana ardhi. Uliniambia nilime ndani ya vigingi. Sijavuka hata kimoja."

Nikavitazama. Vilikuwa vimekizunguka kinamasi chote, na trekta ilikuwa katikati. Wafugaji wakaacha kumtazama dereva, wakanitazama mimi.